Elimu kwa Umma: Meseji Iliyofichwa Haijafungwa

Tangu matangazo ya SITAPELIKI, kampeni ya kupinga utapeli wa mtandaoni, yaanze kusikika, maswali kuhusu ulinzi wa meseji yameongezeka, na tunayapokea kwa moyo mkunjufu. Pamoja na maswali huja malalamiko, nayo yanafanana kama mapacha: siri imevuja, na mwenye simu anaapa kwamba meseji zile alikuwa amezificha. Alizifichaje? Alihamishia alama ya WhatsApp ukurasa wa mwisho wa simu. Alipakua programu yenye sura ya kikokotoo. Alibadilisha jina la mtu kwenye orodha ya namba, likasomeka "Fundi Bomba".

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachogusa maneno yenyewe. Kuficha ni kumfanya mtu asijue kuwa kitu kipo. Kusimba ni kuyageuza maneno kwa ufunguo ili hata anayeyaona asiweze kuyasoma. Ni kazi mbili tofauti, na programu zake ni tofauti. Na kuandika kwa kinyume kama watoto, kuandika kwa herufi za Kiarabu, au kupitisha maneno kwenye Base64 (ile mikorogo ya herufi inayoishia na alama ya =) si kusimba. Base64 haina ufunguo wowote. Kila kompyuta inaifungua. Tunaomba jambo hili lisirudi tena mezani.

Tuanze na meseji ya kawaida, ile ya herufi 160. Kati ya simu na mnara husafiri ikiwa imesimbwa, lakini ikishafika kwenye mitambo ya kampuni ya simu inakuwa maneno matupu, na hivyo ndivyo inavyohifadhiwa hadi simu ya mpokeaji ipatikane. Kwenye mtandao wa 2G hata kipande hicho cha hewani ni dhaifu: usimbaji wake maarufu, A5/1, ulibuniwa miaka ya 1980 na umevunjwa zamani. Zaidi ya hapo, simu ya 2G haiulizi mnara uthibitisho wowote, ndiyo maana mnara bandia huweza kuivuta. Baadhi ya simu za Android kuanzia toleo la 12 zina swichi ya kuzima 2G kwenye mipangilio ya laini. Uizime ukiwa mjini. Ukienda mahali ambapo mtandao uliopo ni 2G tu, irudishe, la sivyo utabaki hewani bila mtandao na kuilaumu kampuni. Kwa ufupi, namba ya siri ya benki, picha ya kitambulisho au majibu ya hospitali havipiti kwenye meseji ya kawaida.

Programu rahisi zinazosimba mwanzo hadi mwisho, yaani ufunguo unakaa kwenye simu mbili tu zinazozungumza, zipo na ni bure. Signal hufanya hivyo kwa kila mazungumzo. WhatsApp ilikamilisha kwa watumiaji wote Aprili 2016. Messages ya Google nayo inasimba pale ambapo pande zote mbili zinatumia RCS, yaani meseji zinazopita kwenye intaneti, na programu zao zote mbili zinakubali usimbaji huo. Utaona kufuli ndogo kwenye kitufe cha kutuma. Kufuli ikitoweka, ujumbe wako unaondoka bila usimbaji huo, kwa hiyo angalia kabla ya kubonyeza.

Telegram tumeieleza mara nyingi kiasi cha kuchoka. Mazungumzo yake ya kawaida hayasimbwi mwanzo hadi mwisho. Yanakaa kwenye kompyuta za kampuni, nayo kampuni ina funguo. Ni lazima ufungue mazungumzo ya siri, mtu kwa mtu, kwa makusudi. Makundi ya Telegram hayana kabisa uwezo huo. Kamati ya harusi au ya mazishi inayokusanya namba za vitambulisho kwenye kundi la Telegram ikidhani imejifungia, haijajifungia.

Usimbaji hulinda njia. Kinachovuja kila siku ni ncha mbili za njia hiyo, na hapa ndipo tunaomba subira ya msomaji.

Nakala rudufu ndiyo mlango mkubwa. WhatsApp hupeleka mazungumzo Google Drive au iCloud, na nakala hiyo haisimbwi kwa ufunguo wako mpaka uwashe mwenyewe. Ingia Mipangilio, kisha Soga, kisha sehemu ya nakala rudufu, halafu chagua nakala iliyosimbwa mwanzo hadi mwisho. Utachagua nywila au ufunguo wa herufi na tarakimu 64. Andika kwenye karatasi, karatasi ikae mbali na simu. Ukiipoteza, WhatsApp haiwezi kukurudishia mazungumzo, na ofisi yoyote ya serikali haiwezi pia, kwa hiyo barua za maombi hazisaidii. Kumbuka vilevile kuwa unayeongea naye ana nakala yake. Kama yeye hakuisimba, meseji zako zimelala wazi kwenye akaunti yake.

Mlango wa pili ni vifaa vilivyounganishwa. Mtu akipata simu yako ikiwa wazi kwa dakika moja, huchanganua alama ya mraba ya WhatsApp kwenye kompyuta yake, na kuanzia hapo husoma kila kitu akiwa chumba kingine au mji mwingine. Akaunti moja inaruhusu vifaa 4 vya ziada. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa leo, na kila kifaa usichokitambua kiondoe. Wengi wanaoamini "simu imedukuliwa na wataalamu" tatizo lao ni hili, na mtaalamu mwenyewe ni mtu wa nyumbani.

Wa tatu ni arifa. Meseji imesimbwa kwa hesabu ambazo hazijawahi kuvunjwa, kisha inajitokeza kwenye kioo cha simu iliyofungwa, mezani, mbele ya wageni. Weka arifa zisionyeshe maudhui. Programu za kufunga mazungumzo, ikiwamo ile ya WhatsApp yenyewe iliyotoka mwaka 2023, zinafaa kwa mtu anayeshika simu yako iliyo wazi. Usizitegemee kwa zaidi ya hapo. Nazo hazina maana kama namba ya kufungulia simu ni mwaka wako wa kuzaliwa. Tarakimu 4 zina michanganyiko 10,000 tu; tarakimu 6 zina 1,000,000.

Halafu kuna ruhusa. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2024 orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu za mikopo hupenda kuomba kusoma meseji na orodha ya namba zako. Ukiruhusu, zinasoma meseji zote za kawaida, zikiwamo za miamala na salio. Ruhusa hiyo haiingii ndani ya WhatsApp, lakini ruhusa ya kusoma arifa na ile ya ufikivu, iliyokusudiwa watu wenye ulemavu, huona karibu kila kinachopita kwenye kioo. Programu isiyo ya msaada kwa wenye ulemavu ikiomba ufikivu, jiulize inautakia nini.

Uhakiki wa ufunguo watu huuruka. Kwenye WhatsApp na Signal kila mazungumzo yana namba ya usalama yenye tarakimu 60. Gusa jina la mtu, fungua sehemu ya usimbaji, mlinganishe ana kwa ana kwa kuchanganua alama. Namba ikibadilika, ama mwenzako amebadilisha simu au ameweka upya programu, ama laini yake imehamishwa na mtu mwingine. Mpigie, usikie sauti. Na ile namba ya tarakimu 6 "rafiki" anayoiomba akisema imetumwa kwako kwa bahati mbaya, ni namba ya kusajili WhatsApp yako kwenye simu yake. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na namba hiyo usimpe mtu yeyote.

Kwa anayetaka kufuli isiyotegemea kampuni ya mazungumzo, ipo GnuPG, programu ya bure ya kusimba faili. Kwenye kompyuta za Linux kwa kawaida ipo tayari. Kwenye Windows huitwa Gpg4win. Kwenye Android ipo OpenKeychain, inayofanya kazi hiyohiyo kwa kugusa vitufe. Andika ujumbe kwenye faili, tuseme barua.txt, kisha toa amri:

gpg --symmetric --armor barua.txt

Utaulizwa nywila mara mbili, na faili mpya barua.txt.asc itazaliwa. Mpokeaji ataandika gpg --decrypt barua.txt.asc na kuweka nywila ileile. Makosa tunayoyaona hapa ni manne. Kwanza, barua.txt ya awali inabaki palepale, amri haiifuti. Pili, mtu hujaribu kuifungua kwenye kompyuta yake, inafunguka bila kuuliza nywila, anapiga kelele kuwa programu ni feki. Programu inakumbuka nywila kwa dakika 10 hivi. Toa amri gpgconf --reload gpg-agent kisha jaribu tena. Tatu, mtu hunakili maandishi na kuacha vistari vya mwanzo au vya mwisho, au programu ya mazungumzo inavibadilisha, na upande wa pili haisimbuki. Tuma faili yenyewe kama hati. Nne, mtu hutaka kuituma kwa meseji ya kawaida: sentensi moja fupi hutoka na herufi zaidi ya 200, yaani meseji mbili au zaidi, na kipande kimoja kikipotea vilivyobaki havisomeki.

Nywila yenyewe isiwe methali, aya ya kitabu kitakatifu wala mstari wa wimbo. "Haraka haraka haina baraka" inajulikana na kila Mswahili na kila orodha ya wadukuzi wanaotusoma. Tumia dadu: orodha ya maneno 7,776, kila neno lichaguliwe kwa kurusha dadu mara 5, maneno 6 yanatosha. Usichague kwa kichwa, kichwa kina mazoea. Na nywila ipite njia nyingine, kwa kupiga simu au mkutane. Kuituma chini ya faili kwenye mazungumzo yaleyale ni kufunga mlango na kuning'iniza ufunguo kwenye komeo.

Kuficha nako kuna mahali pake, pale ambapo hata kuonekana una kitu kilichosimbwa kunakuletea maswali. Steghide huingiza faili ndani ya picha ya JPEG au sauti ya WAV:

steghide embed -cf picha.jpg -ef barua.txt.asc

Kutoa ni steghide extract -sf picha.jpg. Amri ya steghide info picha.jpg inaeleza picha inabeba kiasi gani. Usitegemee kuingiza kitabu. Tumia picha uliyopiga mwenyewe, kisha ufute nakala zake za asili zisizo na kitu ndani, kwa sababu picha iliyoko mtandaoni mtu ataifananisha na yako na kuona zimetofautiana. WhatsApp hubana picha na kuua kilichomo ndani, kwa hiyo itume kama hati. Tena, ingiza kilichokwisha kusimbwa, kama mfano unavyoonyesha. Programu iitwayo Stegseek, ya mwaka 2020, hujaribu orodha ya nywila zaidi ya milioni 14 dhidi ya Steghide kwa chini ya sekunde 2. Nywila dhaifu ndani ya picha haifichi chochote.

Sasa sheria. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda mawasiliano binafsi, na kusimba meseji yako mwenyewe peke yake si kosa. Wala kusimba meseji si sawa na kutumia VPN, yaani programu zinazopitisha intaneti yako kwenye njia nyingine. Hizo ndizo Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizozitolea tangazo la usajili Oktoba 2023, na mambo hayo mawili yasichanganywe. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila uhalali kuna faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida iliyopatikana, ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote. Kunasa mawasiliano, kifungu cha 6, faini haipungui milioni 5. Simu janja ni kompyuta. Ndoa haijatajwa humo kama kibali, na hoja ya "simu niliinunua mimi" ni bora ukaizungumze na wakili kabla hujaifikisha kwa polisi. Kwa upande mwingine, kifungu cha 22 kinakataza kufuta, kubadilisha au kuficha data kwa nia ya kukwamisha uchunguzi. Meseji zinazojifuta zenyewe baada ya saa 24 ni mpangilio halali. Kuwasha mpangilio huo baada ya kuitwa kituoni ni suala jingine. Maelezo haya ni ya jumla, si ushauri kwa shauri la mtu.

Ukibaini mtu amesoma mazungumzo yako, usirudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Ushahidi unaondoka nayo. Piga picha ya kioo cha orodha ya vifaa vilivyounganishwa, jina la kifaa na tarehe vionekane, ndipo ukiondoe. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na kitambulisho na simu yenyewe, eleza, pata namba ya RB, na uihifadhi kwa sababu kila ofisi utakayopita itaiuliza. Ujumbe wa kitapeli, ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", sambaza kwenda 15040 na uitaje namba uliyotumiwa nayo, maana ujumbe uliosambazwa hauibebi. Kisha piga *106# kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoifahamu, nenda na kitambulisho cha NIDA kwenye duka la kampuni husika, alama ya kidole itachukuliwa upya, na laini hiyo iondolewe kwenye jina lako ukiwa umesimama hapo hapo dirishani.