Limeacha kuuma, lakini bado lipo

Juzi tena. Mama mmoja kutoka Tukuyu kaketi mbele yangu, kaniambia maneno niliyoyasikia mpaka naweza kumalizia mwenyewe: "Dokta, titi lilikuwa linauma sana, nikameza amoksilini, likaacha. Nikajua nimepona." Nikamuuliza, na uvimbe wenyewe je? "Uvimbe upo, ila hauumi." Miezi mitano.

Nisemeje nieleweke? Maumivu yameondoka, uvimbe haujaondoka. Huku kwetu maumivu ndiyo hakimu: kinachouma ni ugonjwa, kisichouma tunakiacha kijiendee. Kwenye titi hakimu huyo anakosea kila siku. Saratani ya titi ikiwa changa mara nyingi haiumi kabisa, na ndiyo maana wengi wanatufikia ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Hakuna kilichowasumbua mapema wakapanda daladala.

Vile vinavyouma sana, kwa kawaida ni vingine: jipu la mama anayenyonyesha, kifuko cha maji kilichojaa haraka, au matiti yote mawili kuvimba kabla ya hedhi. Ila "kwa kawaida" si "siku zote". Saratani zinazouma zipo. Tena ipo moja inayojifanya maambukizi: titi linavimba lote, linakuwa la moto, linakuwa jekundu au jeusi kuliko lenzake, na ngozi inaota vitundu kama ganda la chungwa. Hiyo ndiyo inayopewa amoksilini, halafu dozi ya pili, halafu vidonge vya rangi nyingine. Hata jipu la kweli halifutwi na vidonge peke yake. Dawa inatuliza homa na maumivu, usaha unabaki ndani, unabakiwa na donge gumu. Usaha hutolewa kwa sindano au kwa kupasua kidogo.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja. Umemaliza dozi kamili na titi halijarudi kama zamani? Hakuna dozi ya pili kabla ya ultrasaundi. Na kwenye duka la dawa pale Mwanjelwa ultrasaundi hakuna, hata muuzaji awe mpole namna gani.

Uvimbe uliojitokeza karibu na hedhi unaweza kuupa nafasi, lakini hedhi moja tu. Siku chache baada ya damu kukatika, jipapase tena. Bado upo, njoo. Usingoje mwezi wa pili. Kama una homa, au unanyonyesha na titi linawaka, njoo kesho asubuhi, usingoje siku ya kliniki ya mtoto. Uvimbe mgumu, chuchu iliyoanza kuzama ndani hivi karibuni, damu kwenye chuchu, tezi kwapani: hayo yalete yaume yasiume. Na mama aliyekwisha koma hedhi, yeye anasubiri hedhi ipi?

Ushauri wangu mwingine wauguzi hunicheka nao, lakini siuachi: siku ya kwanza ukiugusa, andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. "Ni muda kidogo" mimi sijui kuupima. Na usiuminye kila jioni. Kitu kinachominywa kila jioni lazima kiume, halafu utakuja kuniambia sasa kumezidi.

Mengine nayapitia harakaharaka. Eti sindano ya kuchukua kinyama inaiamsha kansa: haiiamshi. Yule jirani aliyechomwa sindano akafariki alikuja titi likiwa tayari kidonda, ila hicho kipande cha hadithi huwa hakisimuliwi. Bila kinyama tunabahatisha, na dawa za saratani si za kubahatisha.

Eti anayenyonyesha hapati. Kunyonyesha kunapunguza uwezekano, hakuufuti. Na titi likiwa na uvimbe wa maziwa usimwachishe mtoto. Maziwa yakituama ndipo mambo yanaharibika. Mnyonyeshe, na akishindwa kamua.

Eti alipigwa kiwiko ndipo saratani ikaanza. Kiwiko kilimfanya aliguse titi lake, basi. Pigo linaweza kuacha donge la mafuta yaliyokufa, nalo pia lipimwe, maana mkono peke yake hautofautishi.

Wanaume? Wanapata, takriban mmoja katika kila wagonjwa mia. Baba, donge nyuma ya chuchu halina cha kuonea aibu.

Na hili la wauza magimbi: noti na simu kwenye sidiria hazileti saratani. Wekeni. Ila mkipanda kitandani kupimwa, simu itoeni kwanza. Wiki iliyopita kila nikipapasa ya mama mmoja inaita, naye anataka kupokea, mteja wa viazi yuko Uyole.