Je, wajua kwa nini vijiji vya Nebraska vimefuatana kwa alfabeti?

Fungua ramani ya Nebraska, jimbo la wakulima katikati ya Marekani. Anzia mji wa Lincoln, kisha fuata reli kuelekea magharibi. Utapita Crete, Dorchester, Exeter, Fairmont, Grafton, Harvard, Inland, Juniata, Kenesaw na Lowell. Kuanzia C mpaka L hakuna herufi iliyorukwa. Hata A ilikuwepo: kituo cha Asylum, jirani na hospitali ya wagonjwa wa akili, ila hakikukua kuwa mji.

Nilipouona mpangilio huu mara ya kwanza nilijipa jibu haraka. Nikasema wakulima walitangulia, vijiji vikaota, reli ikaja kuviunganisha, halafu karani fulani akabadili majina ili ratiba ya treni isomeke vizuri. Katika hayo yote, nilichokaribia kupatia ni karani tu.

Reli ndiyo iliyotangulia. Kampuni ya Burlington and Missouri River ilianza kutandika mataruma Plattsmouth mwaka 1869, ikafika Lincoln mwaka 1870, na mwaka 1872 ilikuwa karibu na ngome ya jeshi ya Fort Kearny. Mbele yake palikuwa na nyasi tupu. (Wapawnee, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walikuwa wameiachia serikali ardhi ya kusini mwa mto Platte kwa mkataba wa 1833, kwa hiyo neno “tupu” tulitumie kwa tahadhari.) Kampuni ilichagua mahali, ikapima viwanja, ikabandika jina, ndipo ikaanza kutafuta watu wa kukaa humo, hadi Ulaya. Msomaji wa Nairobi hatashangaa sana, maana jiji lake nalo lilianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Tofauti ni kwamba Nairobi haikuwa herufi ya kumi na nne kwenye orodha ya mtu.

Haraka yote hiyo ilitokana na ardhi. Serikali iliipa kampuni takriban ekari milioni 2.4 katika jimbo hilo ili ijenge reli. Fikiria ubao wa drafti ambao kila kisanduku kina upana wa maili moja: vya namba witiri ni vya reli, vingine vya serikali. Kampuni ingeuza visanduku vyake, kisha ingelipwa tena kwa kusafirisha ngano na mahindi ya mnunuzi yule yule. Kuhusu herufi zenyewe, inaelekea sababu ilikuwa urahisi tu: ukiwa na vituo vingi vya kupa majina kwa mkupuo, alfabeti haikuulizi maswali.

Kinachostahili kuchunguzwa zaidi ni nafasi iliyoachwa kati ya vituo. Ukihesabu vituo vyote vya njia hiyo, kimoja hadi kingine ni kama kilomita 10 hadi 15. Wengi hutaja maji ya injini za mvuke, na ni kweli injini zilikunywa. Lakini maji hayaelezi kwa nini kila kituo kilitaka duka, mhunzi na ghala la nafaka. Chukua mkulima wa chai wa Kenya na kikapu mgongoni: kituo cha kununulia majani kikiwa mbali mno, nusu ya siku yake inaishia njiani. Sasa kikapu hicho kifanye mkokoteni uliojaa ngano, unaovutwa na farasi kwenye njia ya udongo, mwendo wa mtu anayetembea. Kwenda, kusubiri zamu ya kupima, kushusha, kununua chumvi na misumari, kurudi kabla ya giza. Stesheni zikitawanywa mno, mkulima analala njiani au anapeleka mzigo kwa reli ya mpinzani. Zikibanana mno, wenye maduka wanagawana wateja wachache mpaka wote wafilisike.

Lori liliivunja hesabu hiyo. Safari ya siku nzima ikawa ya robo saa, na vijiji vikajikuta vimebanana. Grafton ina wakazi wasiofika 200. Lowell, iliyowahi kuwa makao makuu ya kaunti, ilinyang'anywa heshima hiyo na Minden, na leo imebaki jina zaidi kuliko mji.

Lakini angalia ramani tena, kwa sababu orodha niliyokupa niliichuja. Kati ya Dorchester na Exeter kuna Friend, iliyopewa jina la mtu aliyekuwa na shamba pale. Baada ya Grafton kuna Sutton. Kati ya Inland na Juniata kuna Hastings, uliozaliwa mwaka 1872 pale reli ya kampuni nyingine ilipokata njia hii. Hastings uliipokonya Juniata makao makuu ya kaunti, na sasa una watu wapatao 25,000, wengi kuliko Juniata na majirani zake wote wa alfabeti.

Treni ya abiria ya California Zephyr bado hupita hapo, usiku wa manane. Ikitoka Lincoln inazipita C, D, E, F, G, H na I bila kusimama, inapakia abiria Hastings, kisha inaziacha J na K gizani.