Kabla hujaipenda picha ya uwanja mpya, soma nani analipa deni

Binamu yangu aliye Tanga alinitumia picha ya uwanja wa besiboli unaojengwa Las Vegas, ule wenye vipande vya paa vilivyolaliana kama magamba. Chini yake ameandika: "Kaka, timu yako inajengewa jumba, mbona huna raha?" Nilimpigia tukazungumza hadi vocha ikakata. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale ambayo sikuwahi kuyamaliza.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu ndiyo inayonifanya nione mambo haya tofauti na shabiki wa kawaida. Mimi nasoma hati fungani za miji na kaunti. Serikali ya mtaa ikitaka kukopa, inatoa kitabu kinene kinachoeleza fedha zitatoka wapi kulipa riba na mtaji, na fedha hizo zikikosekana nini kitafuata. Watu wengi huishia kwenye jalada. Mimi huanzia pale penye maelezo ya hatari, maana mkopo wowote huonekana mzuri ukisoma mapato peke yake.

Sasa timu. Athletics, ambao sisi tuliwaita A's, walifika Oakland, California, mwaka 1968 wakitokea Kansas City, na kabla ya hapo walikuwa Philadelphia. Wakiwa Oakland walitwaa ubingwa wa dunia mara nne: 1972, 1973, 1974 na 1989. Septemba 26, 2024 walicheza mara ya mwisho pale Coliseum, wakaifunga Texas Rangers 3–2 mbele ya watu 46,889. Siku hizi wanacheza kwa muda West Sacramento, kwenye uwanja mdogo wa watu wapatao 14,000, na jina lao rasmi halitaji mji wowote. Las Vegas wanatarajia kuingia mwaka 2028.

Maelezo yanayorudiwa ni kwamba Oakland ilikuwa na uwanja mbovu na watu hawakuja. Uwanja ulikuwa mbovu kweli, sitabisha. Mwaka 2013 maji taka yalifurika hadi vyumba vya kubadilishia nguo. Lakini uwanja ule haukuzaliwa mbovu, na hapo ndipo kazi yangu inapoingia.

Coliseum ulifunguliwa mwaka 1966. Ukikaa nyuma ya mpigaji ulikuwa unaona vilima vya Oakland kwa mbali, rangi ya kahawia wakati wa kiangazi. Mwaka 1995 timu ya mpira wa Kimarekani, Raiders, ilikubali kurudi kutoka Los Angeles, na ili kuwashawishi, jiji la Oakland na Kaunti ya Alameda walikopa takriban dola milioni 200. Fedha hizo zilijenga jukwaa kubwa la zege upande wa mbali wa uwanja, mahali palepale palipokuwa na mandhari ya vilima. Watu wakalibatiza Mount Davis, mlima wa Davis, kwa jina la mmiliki wa Raiders, Al Davis.

Deni lile lilipangwa kulipwaje? Kwa kuuza haki ya kiti. Shabiki analipa mara moja kiasi kikubwa apate ruhusa ya kununua tiketi ya kiti hicho kila msimu. Yaani unalipia kwanza ruhusa ya kulipia. Wapangaji walidhani watu wangezigombania, na mapato yale yangelipa riba bila mwananchi kuguswa. Haki zile hazikununuliwa kama walivyotarajia, na nani alikuwa ameweka sahihi kuwa mdhamini? Jiji na kaunti. Kwa miaka mingi, mamilioni ya dola yalitoka kila mwaka kwenye mfuko uleule unaolipa zimamoto, maktaba na barabara. Raiders wakahamia Las Vegas mwaka 2020, na deni la jukwaa lao likabaki Oakland likiendelea kulipwa.

Kwa besiboli jukwaa lile halikuwa na kazi. Lilikuwa juu mno na mbali mno, kwa hiyo likafunikwa maturubai ya kijani. Nimekaa miaka mingi nikiyatazama. Jioni upepo wa ghuba ya San Francisco ukianza kuvuma yanajaa kama tanga la jahazi, halafu yanalegea. Kila yalipojaa nilikumbuka kwamba mimi na jirani zangu tunalilipia jukwaa lile, na hakuna aliyekaa.

Kwa hiyo A's walipokuja na pendekezo la uwanja mpya, Oakland haikukataa kwa ugumu wa moyo. Jiji lilikuwa limeungua ulimi kwa uji.

Mapendekezo yalikuwa mengi. Lile la mji wa jirani wa Fremont lilikufa. Lile la San Jose lilizuiwa kwa sababu eneo lile kwa kanuni za ligi ni la San Francisco Giants, timu nyingine ya besiboli. Jiji la San Jose likafungua kesi, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Lile la karibu na chuo cha Laney lilikwama mwaka 2017. Mwaka 2018 likaja pendekezo zito kuliko yote: Howard Terminal, kwenye ukingo wa bandari, uwanja wa watu wapatao 35,000, nyumba 3,000, ofisi, hoteli na bustani, mradi mzima ukitajwa kuwa wa dola bilioni 12.

Nililipenda pendekezo lile, na bado nasema lilikuwa na hoja. Klabu ilisema uwanja wenyewe itaujenga kwa fedha zake. Ugomvi ulikuwa nje ya ukuta: madaraja ya kuvuka reli, barabara, njia za malori ya makontena, nyumba za watu wa kipato cha chini. Mpira ukiisha watu 35,000 hawawezi kuvuka reli ya mizigo kwa miguu usiku. Mtu lazima ajenge daraja. Julai 2021 baraza la jiji lilipiga kura ya kukubali masharti ya awali, jiji likaendelea kutafuta ruzuku za serikali, na mazungumzo yaliendelea hadi Aprili 2023, klabu ilipotangaza kuwa imepata kiwanja Las Vegas.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema tatizo lilikuwa uwanja tu. Angalia timu ilifanya nini wakati wa mazungumzo hayo.

Mwaka 2018 na tena 2019 A's walishinda mechi 97 kati ya 162. Oktoba 2, 2019 walikuwa nyumbani kwa mechi moja ya mchujo dhidi ya Tampa Bay Rays. Maturubai yakaondolewa, jukwaa lile la juu likafunguliwa, na watu 54,005 wakaja, rekodi kwa mechi ya aina ile. Nilikuwa huko juu kabisa, wachezaji wakionekana kama punje za mchele, na ngoma zikipigwa upande wa kulia tangu kabla mrushaji hajatupa mpira wa kwanza. Tulifungwa 5–1. Lakini yeyote aliyekuwepo usiku ule hawezi kuniambia Oakland haina watu wa besiboli.

Baada ya msimu wa 2020 wakamwacha Marcus Semien aondoke, kijana aliyekulia eneo hilihili la ghuba. Akasaini Toronto kwa mwaka mmoja, dola milioni 18, na msimu uliofuata akapiga hom rani 45 (mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio). Machi 2022, katika muda wa siku chache, wakaondoka nyota watatu, Chris Bassitt, Matt Olson na Matt Chapman, na mwanzoni mwa Aprili Sean Manaea. Kiangazi akafuata Frankie Montas. Desemba, mdakaji Sean Murphy. Kocha Bob Melvin alikuwa ameshakwenda San Diego.

Wako watakaosema ndivyo timu maskini zinavyoishi: unauza wakubwa, unapata chipukizi, unaanza upya. Kweli, na A's walikuwa mabingwa wa ufundi huo. Chini ya meneja mkuu Billy Beane mwaka 2002 walishinda mechi 20 mfululizo wakiwa na mishahara midogo. Kwa hiyo ubahili wenyewe sioni kama ni kosa. Ila tazama jambo moja dogo: Olson alipouzwa Atlanta, siku iliyofuata klabu hiyo ilimpa mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 168. Mwaka 2023 akawapigia hom rani 54. Mwaka huohuo A's walishinda 50 wakapoteza 112, kwa bajeti ya mishahara iliyokuwa ndogo kuliko timu zote 30. Klabu inayojijenga upya humbakiza angalau mmoja ambaye mtoto anaweza kuvaa jina lake mgongoni kwa miaka mitano. Hawa hawakumbakiza hata mmoja, na wakati wote huo mabango yalikuwa yanatangaza kwamba timu imeota mizizi Oakland.

Msomaji aliyezoea Simba na Yanga atauliza: kwani hawakuogopa kushuka daraja? Hilo ndilo la kuelewa. Ligi za Marekani hazishushi timu. Ukishika mkia unabaki palepale, unapata mgawo wako sawa wa televisheni ya taifa, na thamani ya klabu inaendelea kupanda. John Fisher na mwenzake Lew Wolff waliinunua klabu mwaka 2005 kwa dola milioni 180. Mkia haumuumizi mwenye timu kama unavyomuumiza shabiki. Na viti vikiwa vitupu, vinageuka ushahidi: tazameni, hawa hawaji, turuhusuni tuondoke. Wamiliki wa timu za ligi waliruhusu Novemba 2023, kura 30 kwa 0, bila hata kuidai klabu ada ya kuhama.

Siwezi kusema ninajua moyoni mwa mtu kulikuwa na nini. Nasema maamuzi ya uwanjani na maombi ya uwanja mpya hayakuwa faili mbili. Mimi nayasoma kama faili moja.

Twende Las Vegas. Nevada imeidhinisha hadi dola milioni 380 za umma. Watu wakisikia hivyo hudhani ni noti zinazokabidhiwa mtu. Sivyo, na ndiyo maana ni vigumu kufuatilia. Hadi milioni 180 ni unafuu wa kodi unaoweza kuuzwa. Mjenzi anapewa cheti, anakiuza kwa kasino au kampuni ya bima inayodaiwa kodi, anapata fedha taslimu. Mnunuzi anakwenda nacho serikalini badala ya kulipa. Hakuna mahali palipoandikwa "tumetumia". Panaonekana tu kwamba makusanyo yamepungua. Sehemu nyingine, takriban milioni 120, ni hati fungani za Kaunti ya Clark, ambamo Las Vegas imo, zinazotegemea kodi zitakazokusanywa ndani ya eneo la uwanja wenyewe. Kwa kuwa uwanja utakuwa mali ya umma, kodi ya majengo haitatozwa.

Mtu aliyesoma ya Mount Davis atajua swali langu. Mapato ya ndani ya uwanja yalikisiwa na nani, kwa viti vingapi, vikijaa siku ngapi kati ya mechi 81 za nyumbani? Uwanja wenyewe una ekari 9 na nafasi ya watu 33,000, na gharama yake imeshatoka bilioni 1.5 hadi kutajwa bilioni 2. Nyongeza hiyo klabu imesema itabeba yenyewe, na hilo ni jema kwa Nevada kuliko ilivyokuwa kwetu mwaka 1995. Hoja ya wanaoutetea ni watalii: mgeni anakuja na fedha mpya. Ni hoja nzuri kuliko ile ya miji ya kawaida, ambako dola iliyoliwa uwanjani ingeliwa kwenye mgahawa wa mtaa wa pili, na ndiyo maana wachumi wengi hawaoni faida ya viwanja kwa jiji. Lakini mgeni anayehesabika ni yule tu aliyekuja kwa sababu ya besiboli. Aliyekuja kwa kamari akapitia mechini, fedha yake ingebaki Las Vegas vilevile.

Walimu wa Nevada walitaka wananchi wapige kura juu ya fedha hizo. Mei 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ikalitupa ombi lao. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Kaunti ya Jackson kule Missouri wapiga kura waliulizwa kuhusu kodi ya viwanja vya timu zao, Royals wa besiboli na Chiefs wa mpira wa Kimarekani, na asilimia 58 wakasema hapana.

Juni 13, 2023, siku Seneti ya Nevada ilipopitisha muswada wa fedha hizo, mashabiki wa Oakland tulipanga kujaza uwanja kwa makusudi. Ilikuwa Jumanne. Tulikuja 27,759, wengi tukiwa na fulana za kijani zenye neno moja kifuani, la kumwambia Fisher: uza. Awamu ya tano kati ya tisa za mechi ilipoanza, uwanja mzima ulinyamaza. Nilisikia mpira ukiingia kwenye glavu ya mdakaji, sauti ambayo kwa kawaida huisikii ukiwa kiti changu. Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa amevua kofia. Kisha sauti ikapasuka, "Uza timu! Uza timu!", hadi zege likatetemeka chini ya viatu. Tulishinda 2–1. Siku mbili baadaye gavana alitia sahihi.

Sasa Jumamosi nakwenda Raimondi Park, Oakland Magharibi, kuwatazama Ballers, timu ya ligi ndogo iliyoanza mwaka 2024 na kutwaa ubingwa wa ligi yake mwaka 2025. Wameuza hisa kwa mashabiki, na wamekusanya zaidi ya dola milioni 1. Niliomba taarifa ya mauzo nikaisoma yote, nikianzia kwenye maelezo ya hatari kama kawaida yangu, na hatari zilikuwa zimeandikwa wazi, kwa lugha ya kawaida. Nilinunua hisa chache.