Kisukari na jembe: maswali kuhusu sukari kushuka wakati wa kazi na mazoezi

Mimi ni mkulima wa Hombolo, sina muda wa kukimbia. Kulima nako ni mazoezi?

Ni mazoezi, tena mazito. Saa mbili za jembe kwenye udongo mkavu zinaweza kushusha sukari kuliko matembezi ya jioni pale Nyerere Square, Dodoma mjini. Tatizo ni kwamba anayevaa raba hujiandaa, lakini mwenye jembe anachoma sindano, anakunywa chai, anatoka. Msuli ukifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Ukiwa umechoma insulini (homoni inayoshusha sukari), au umemeza glibenklamidi au gliklazidi, vidonge vinavyosukuma kongosho litoe insulini, sukari inavutwa mara mbili. Kwa anayetumia metformini peke yake hatari hii ni ndogo sana.

Nianze kazi sukari ikiwa ngapi?

Kwa watumiaji wa insulini au vidonge hivyo viwili, kati ya 7 na 14 (milimoli kwa lita) anza. Ikiwa kati ya 5 na 7, kula kwanza ndizi mbivu ndogo moja. Chini ya 5, kula, subiri dakika 15, upime tena. Chini ya 3.9 hiyo tayari imeshuka: jitibu, jembe lisubiri.

Juu ya 14, hasa kwa mwenye kisukari aina ya kwanza, pima kwenye mkojo ketoni, yaani tindikali ambayo mwili hutoa ukichoma mafuta badala ya sukari. Zikionekana, au ukiwa unatapika, usilime; nenda kituo cha afya. Mwili umepungukiwa insulini, na kazi itapandisha sukari na ketoni zaidi. Kama ketoni hazipo na unajisikia vizuri, anza taratibu na unywe maji.

Nachoma insulini ya mchanganyiko 30/70 saa moja asubuhi. Mbona nalegea ikifika saa tano?

Ndani ya kichupa hicho mna insulini mbili. Ile 30 ni ya haraka, na nguvu yake huwa kubwa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Ile 70 ni ya taratibu, na huanza kushika kasi kuanzia saa tano hiyo hiyo. Zinakutana wakati chai imekwisha tumboni na jua limepanda. Huwezi kupunguza moja ukaiacha nyingine, kwa hiyo kula kitu saa nne, kabla hujalegea. Siku za kulima choma tumboni, si pajani wala mkononi, maana kiungo kinachofanya kazi hunyonya dawa haraka. Kupunguza dozi kwa msimu wa kilimo kunawezekana, ila mpange na kliniki yako. Usiruke sindano.

Ikishuka nikiwa shambani?

Jasho la kazi lina joto. Jasho la sukari kushuka ni la baridi, linakuja na kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, au mtu kuanza kujibu ovyo. Acha kazi papo hapo, kaa kivulini. Koroga vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe. Au kunywa soda mililita 150, yaani chini kidogo ya nusu ya chupa ya 350. Isiwe soda isiyo na sukari. Karanga usizitegemee hapa, mafuta yake huchelewesha. Baada ya dakika 15 pima. Ikiwa bado chini ya 3.9, rudia. Ikipanda, kula chakula.

Beba sukari kwenye kichupa chenye kifuniko, mfukoni mwako, si kwenye baiskeli iliyoachwa njiani. Unaolima nao wajue: ukipoteza fahamu wasikumiminie kitu mdomoni, wakulaze ubavu na wakukimbize hospitali.

Nimelima mchana, sasa niko salama?

Bado. Msuli unarudisha akiba yake ya sukari hadi saa 24 baadaye, na wengi hushukiwa usiku wa manane wakiwa usingizini. Pima kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 7, ongeza kikombe cha uji.

Nimetoka kuchuma zabibu, natetemeka, lakini mashine inasoma 17. Niamini nini?

Usiamini mashine. Utomvu mtamu ulioganda kidoleni umechanganyika na tone la damu, na kufuta kwa spiriti pekee hakutoshi kuuondoa. Hatari yake ni kubwa: mtu anaona 17, anaongeza insulini, kumbe sukari yake ni 3. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, upime upya. Kama maji hayapo, futa kidole vizuri, pangusa tone la kwanza, pima la pili. Na kama unatetemeka na jasho ni la baridi, kunywa sukari kwanza, kunawa baadaye.