Chevening si ya first class pekee
Juzi pale Parklands, kwa kibanda cha chai, dada mmoja akaniambia hawezi jaribu Chevening, ile scholarship ya kusomea masters Uingereza, akasome LLM (masters ya sheria) juu digrii yake alipata second upper, gredi inayofuata first class, ati hiyo ni ya watoto wa first class. Hii stori tumeisikia tangu tukiwa kampasi na si kweli. Serikali ya Uingereza ndiyo hulipa, na inachotaka ni digrii ya kukuingiza masters huko, second upper kwa kawaida inatosha, halafu masaa 2,800 ya kazi, kama miaka 2 hivi, na hata kazi ya kujitolea inahesabiwa. Esei za kuomba hiyo scholarship ndizo zitakunyima usingizi. Ukimaliza unarudi nyumbani miaka 2, na kama hujapita Kenya School of Law, chuo kinachofunza mawakili, LLM haikufanyi wakili.