Kuacha gari baa hakumalizi hatari

Dhana: Ukilewa ukaacha gari na kwenda nyumbani kwa miguu, uko salama.

Ukweli: Hutamgonga mtu, na hilo ni jambo jema. Lakini wewe bado waweza kugongwa. Kuvuka barabara ni kukadiria kasi na umbali, na pombe huvuruga makadirio hayo mapema, kabla hata miguu haijaanza kuyumba. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akikuona gizani, umevaa nguo nyeusi, mara nyingi breki hazitoshi tena. Nchini Marekani, karibu watembea kwa miguu 3 kati ya 10 wanaouawa barabarani huwa wamezidisha kiwango cha pombe anachoruhusiwa dereva. Kwetu Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliweka saa tano usiku kuwa mwisho wa kuuza pombe baa, kwa hiyo wengi hutoka wakati barabara imefunguka na magari yanakimbia. Thika Road ina madaraja ya miguu, lakini aliyelewa huona ngazi ni safari ndefu, akakata moja kwa moja.

Dhana: Kahawa au supu kali hutoa pombe mwilini.

Ukweli: Ini ndilo linaloitoa, tena polepole. Bia moja ya nusu lita huchukua saa mbili hivi au zaidi. Kahawa hukufumbua macho tu.

Dhana: Mlevi akigongwa, alijitakia.

Ukweli: Mwendo wa gari, taa mbovu na barabara isiyo na njia ya miguu si makosa yake.

Dhana: Aliyegongwa akinuka pombe, mwache alale, itamtoka.

Ukweli: Hili ndilo linaloniuma zaidi. Damu ikivujia ndani ya fuvu, mtu huongea kwa kukokota maneno, hutapika, hupepesuka, kisha husinzia. Dalili hizo hizo tunaziita ulevi. Mchukulie kuwa ameumia kichwa mpaka daktari aseme vingine. Usimnyanyue kwa kumvuta mikono, shingo huenda imevunjika. Akitapika, mgeuzeni ubavu watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na shingo vikifuata mwili. Hospitalini mwambieni daktari waziwazi: alikunywa nini, aligongwa saa ngapi, na kama alizimia hata kwa muda mfupi.