"Muue malkia, kundi litakufa": mambo tunayoyaamini kuhusu sisimizi

Ukilalamika mtaani Dar kwamba sisimizi wamekuzidi jikoni, hukosi mtu wa kukwambia umtafute malkia umuue, na kazi imekwisha. Kwa wale wadogo wa manjano wanaoingia kwenye kopo la sukari hata ulifunge vipi, ushauri huo ni bure kabisa. Kitaalamu wanaitwa Monomorium pharaonis. Kibarua wao ana urefu wa milimita 2 hivi, na kundi moja laweza kuwa na malkia makumi, hata mamia. Hawana habari ya kuruka kwenda kujamiiana angani. Wanamalizana humo humo kiotani, nyuma ya vigae au ndani ya soketi. Malkia mmoja akifa, wenzake wanaendelea kutaga. Wakifa wote, vibarua waliobaki na mayai na mabuu wanaweza kulea malkia wapya.

"Basi nitapuliza dawa." Ukipuliza ule msururu unaopanda ukutani, unaua waliotoka tu. Walio ndani wakishtuka hubeba mabuu mdomoni na kundi linagawanyika: lililokuwa jikoni sasa liko jikoni, chooni na nyuma ya friji. Mwenye nyumba hununua kopo la pili la dawa, na hapo ndipo anapozidi kuwazalisha. Chambo ndicho kinachofaa, yaani kitu kitamu chenye asidi ya boriki kidogo, kikae mahali watoto hawafiki. Sumu ikiwa kali, kibarua anafia njiani. Ikiwa ndogo anafika nyumbani, analisha wenzake mdomo kwa mdomo, na siku zinavyokwenda inawafikia malkia pia. Ukiwa umeweka chambo, dawa ya kupuliza iache kabisa.

"Malkia ndiye anayetoa amri." Hatoi. Kazi yake ni kutaga. Nani aende kutafuta chakula na nani alee watoto huamuliwa na umri wa vibarua, harufu na mahitaji ya saa hiyo. Kwenye kundi la malkia wengi, vibarua ndio huamua malkia yupi aishi, kama tutakavyoona.

"Sisimizi wa kundi moja wote ni ndugu wa tumbo moja." Hapa ndipo patamu. Dume la sisimizi hutokana na yai lisilorutubishwa, kwa hiyo lina seti moja tu ya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) na hurithisha seti hiyo nzima kwa kila binti. Malkia aliyepandwa na dume mmoja huzaa mabinti wanaolingana jeni kwa wastani wa asilimia 75, zaidi kuliko binadamu wa baba mmoja mama mmoja, ambao ni asilimia 50. Mwaka 1964 mwanabiolojia William Hamilton aliitumia hesabu hii kueleza kwa nini kibarua akubali kulea wadogo zake badala ya kuzaa. Lakini malkia wakiwa wengi hesabu inavurugika. Kundi linakuwa kama nyumba ya kupanga, familia nyingi uani pamoja, na kibarua anaweza kumlea mtoto asiye damu yake. Kwa sisimizi-moto wa Marekani wenye malkia wengi, undugu kati ya vibarua umepimwa ukakaribia sifuri, na kazi bado inafanyika.

Sisimizi-moto hao, Solenopsis invicta, walitoka Amerika Kusini. Ndio waliovunja dhana nyingine, kwamba idadi ya malkia hutegemea chakula na nafasi tu. Wana kromosomu yenye sura mbili. Tuziite B na b; kila jike ana mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Kundi la malkia mmoja ni BB watupu. Kundi la malkia wengi lina vibarua wenye Bb, na mwaka 1998 wanasayansi Kenneth Ross na Laurent Keller walionyesha kwamba hao hao humng'ata hadi kumuua malkia wa BB anayeanza kutaga, huku wakimwacha wa Bb. Wanamtambua kwa harufu. Wenye bb kwa kawaida hufa bila kuacha uzao. Mwaka 2013 ilibainika kuwa sehemu hiyo ya b imebeba mamia ya jeni zinazorithiwa pamoja, kwa sababu mpangilio wake umegeuzwa na haubadilishani vipande na B. Yaani kipande hicho kinajilinda chenyewe, na mfumo mzima wa kundi unafuata nyuma yake.

"Kila kiota cha majimoto kwenye mwembe kina malkia wake." Majimoto ni wale sisimizi wanaoshona majani kuwa viota. Viota vyao vinaweza kujaa mti mzima na kuvuka hadi miti ya jirani, vyote mali ya kundi moja, kwa kawaida chini ya malkia mmoja. Vyote hushonwa na vibarua wanaoshika mabuu mdomoni. Buu ndilo linalotoa uzi. Siafu nao, pamoja na wingi wao wa kutisha, wana malkia mmoja kwa kundi, ila yeye hupandwa na madume wengi.

Adui wa majimoto pwani yetu ni Pheidole megacephala, wa ardhini, askari wao wana vichwa vikubwa, na malkia wao ni wengi. Wakishika shina la mnazi, majimoto hushindwa kukaa juu, na kidudu Pseudotheraptus wayi, ambacho majimoto hukizuia, hupata nafasi ya kufyonza nazi changa hadi zikadondoka. Anayekata viota vya majimoto kwa sababu wanauma ajue anawafungulia njia Pheidole na kidudu hicho.